Badala ya "Alisema"

Jicho la Nzoia,
Kitale.
Jumamosi, 7 Machi 2026

Kwa Mwalimu wangu mpendwa, Bw. Jotham Wakoli,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka chumba cha habari. Natumai mtoto Phelista, aliyeangukiwa na ukuta wa darasa, anaendelea vyema na kwamba mguu wake umefungwa inavyostahili. Nilipoondoka shuleni Jumanne, baada ya kuchukua maelezo yenu kando ya ukuta ulioanguka, nilikuwa na uchungu kama mtoto wa Bokoli, lakini pia nilikuwa na wajibu kama mwandishi.

Pamoja na barua hii utapata gazeti letu la jana. Tafadhali tazama ukurasa wa kwanza, chini ya picha. Jina lile ni langu. Ni mara yangu ya kwanza kuchapishwa mbele tangu niajiriwe kwa majaribio mwezi wa Januari. Majaribio yenyewe yanafikia tamati tarehe 31, na Bi. Wangu, mhariri wetu, ambaye hasifu mtu ovyo, amesema habari hiyo imesukwa.

Nilifikiri kwamba wewe, kuliko mtu mwingine yeyote, ungetambua kazi iliyofanyika. Hesabu ukipenda: katika aya kumi na moja, neno "alisema" halimo hata mara moja. Msingi huo uliujenga wewe.

Nimekutaja kama mwenyekiti wa kamati ya shule, cheo chako tangu ustaafu ualimu, kwa usawa na kwa haki, kama nilivyowataja wengine wote, bila kujali kwamba ndiwe uliyenifunza. Bahasha hii utaletewa na Hesbon, anayesambaza magazeti yetu kupitia Kiminini hadi Webuye.

Mwanafunzi wako mwaminifu,
Emmy Nanyama
Shahada ya Kiswahili na Mawasiliano, Daraja la Kwanza


Bokoli,
Bungoma.
Jumatatu, 9 Machi

Nanyama,

Barua yako nimeipata. Gazeti nilikuwa nimeshaliona. Jumamosi asubuhi liliingia kwangu mikononi mwa watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuja kusifu.

Usinipigie simu. Jumanne nilikwambia maneno kwa mdomo na nimeona yalivyofika Kitale. Safari hii kila kitu kiwe kwenye karatasi.

Haya ndiyo uliyochapisha, nimeyanakili bila kupunguza nukta:

"Mwenyekiti wa kamati ya shule, Bw. Jotham Wakoli, alikiri kwamba alijua kuhusu ufa huo tangu Mei mwaka jana. Alidai kwamba aliiandikia ofisi ya ujenzi barua tatu. Afisa wa ujenzi alithibitisha kwamba hakuna barua yoyote iliyomfikia."

Na haya ndiyo niliyokwambia, mbele ya mama yako aliyekuwa akipangusa damu kwenye dawati: "Ufa ule naujua tangu Mei, na nimewaandikia barua tatu." Sentensi moja. Pumzi moja. Umeikata katikati kama muwa, kipande kimoja ukakipa "alikiri", cha pili ukakipa "alidai". Baya langu nimelikiri, jema langu nimelidai.

Jana baada ya ibada alikuja Roselyne, mama yake Phelista, gazeti mkononi. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Mwalimu, kumbe umekiri?"

"Nimekiri nini, mama?"

"Si imeandikwa hapa. Mtu anakiri kitu hakufanya?"

Nikamweleza kwamba nilikuwa nimezungumza tu. Mzee Wekoye wa kanisa, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akadakia: "Mwalimu, bana, kama ungekuwa umesema tu, si wangeandika ati umesema? Hilo neno wanalo. Wameliacha, wakachukua hili. Lazima kuna kitu."

Wekoye aliacha shule darasa la tano. Amekusoma vizuri kuliko ulivyojisoma.

Mkutano wa wazazi na kanisa linaloidhamini shule umeitishwa Jumamosi ya tarehe 21. Ajenda ni moja: niondolewe uenyekiti au la, na jina langu lipelekwe polisi au la. Ushahidi walio nao ni neno lako. Nataka marekebisho kwenye gazeti la tarehe 20, siku moja kabla.

J. Wakoli


Kitale,
Jumatano, 11 Machi 2026

Kwa Mwalimu Wakoli,

Nimeipokea barua yako ya tarehe 9 na kuisoma kwa makini. Niruhusu niijibu hoja kwa hoja.

Mosi, kukiri ni kukubali kwamba jambo fulani ni kweli. Kamusi zote nilizonazo zinakubaliana juu ya hilo. Je, hukukubali kwamba uliujua ufa? Pili, kudai ni kutoa maelezo ambayo hayajahakikishwa. Je, ulinionyesha barua hizo? Tatu, afisa wa ujenzi nilizungumza naye kwa simu, na alinijibu kwa sauti ya uhakika. Mtu mwenye ofisi na faili anapozungumza kwa uhakika, huwa tunaandika kwamba amethibitisha.

Ikiwa unachotaka ni kinyume cha "alikiri", lugha inatupatia "alikana". Je, niandike kwamba mwenyekiti amekana kuujua ufa? Huo utakuwa uongo, nami sitauandika, hata kwa ajili yako.

Naomba pia uitazame hali yangu. Januari tuliajiriwa wahitimu watatu. Atakayebaki ni mmoja. Gichuki, ambaye meza yake inaelekeana na yangu, aliniambia jana: "Sasa, wewe wa ukurasa wa kwanza. Marekebisho yakikupata kabla ya tarehe 31, hicho kiti ni changu." Alicheka. Mimi sikuona la kunichekesha.

Mama alinipigia simu akilia. Anasema Jumapili alikaa kwenye benchi peke yake kwa sababu yeye ndiye aliyemzaa mwandishi. Sioni ni kwa nini yeye na mimi tuadhibiwe kwa sababu nimeandika Kiswahili sanifu.

Wako kwa heshima,
Emmy Nanyama


Bokoli,
Ijumaa, 13 Machi

Nanyama,

Umenitumia kamusi. Ya kwanza uliyoimiliki nilikununulia mimi.

Umeniuliza kama uniandikie "alikana". Hapo ndipo nilipojua kwamba hujalielewa kosa lako. Katika habari ile, kinyume cha "alikiri" si "alikana". Kukiri na kukana hukaa kizimba kimoja. Ukiandika kwamba mtu amekana, tayari umeshamshtaki. Kinyume cha yote mawili ni "alisema". Hilo ni neno la mtu ambaye bado hajashtakiwa na yeyote.

Sasa fanya zoezi. Chukua sentensi zako mwenyewe ubadilishe vitenzi tu: "Bw. Wakoli alithibitisha kwamba aliiandikia ofisi ya ujenzi barua tatu. Afisa wa ujenzi alidai kwamba hakuna barua iliyomfikia." Ukuta ni uleule, Phelista ni yuleyule na mguu wake, lakini mkosaji amehama. Hukuhitaji kusema uongo wowote ili kumhamisha. Ulihitaji orodha ya visawe.

Na huyo afisa alithibitisha kwa nini, kwa sauti? Uliiona sajili yake ya barua? Mimi nina nakala tatu sandukuni, na kila moja ina muhuri wa ofisi yake. Hukuniuliza. Ulikuwa ukitazama saa, ukisema lazima ufike Kitale kabla ya saa kumi na moja.

Jana Mzee Wekoye alikuja kudai funguo za shule. Nilimwambia atazipata mkutanoni. Aliondoka akisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba mtu aliyekiri hana haja ya funguo.

Neno lako sasa lina miguu. Linatembea kijijini bila wewe. Lirudishe.

J. Wakoli


Kitale,
Jumapili, 15 Machi 2026

Mwalimu,

Jana nilikuja Bokoli. Nilipita nje ya lango lako nikakuona ukipalilia vitunguu, nami sikuingia. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama nikafungua sanduku la vitabu vyangu vya zamani. Nilichokuwa nikitafuta nilikipata.

Daftari la insha, darasa la saba, mwaka wa 2014. Nimeutoa nakala ukurasa wa kumi na nne, nao umo ndani ya bahasha hii. Niliandika kuhusu siku nyanya alipotutembelea kutoka Moi's Bridge: "Nyanya alisema amechoka. Mama alisema aketi. Nyanya alisema hataki chai. Mama alisema basi ale." Umezungushia duara nne za wino mwekundu na kuandika pembeni: "Umaskini wa msamiati. 11/40."

Huenda umesahau yaliyofuata. Mimi sijasahau. Viboko vinne, kimoja kwa kila "alisema", mbele ya darasa zima.

Chini ya insha ni orodha tuliyoinakili kutoka ubaoni siku hiyo: MANENO BADALA YA "ALISEMA". Alinena, alitamka, alieleza, alidai, alikiri, alithibitisha, alifichua, alisisitiza. Na chini ya orodha, kwa maneno yako: "Yote yana maana moja. Usirudie neno." Chini ya "maana moja" kuna mistari miwili, kwa sababu ulituagiza tupige mistari miwili.

Nilitoka shuleni nikiamini kwamba "alisema" ni neno la aibu, la watu wasiosoma. Chuoni nilituzwa kwa kulikwepa. Nimefika Kitale nikiwa sijaliandika kwa miaka kumi na miwili. Leo unanishtaki kwa sababu nilikutii.

Nyanya alikuwa amesema tu, Mwalimu. Hakunena, hakufichua, hakusisitiza. Alikuwa amechoka na hakutaka chai. Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilikuwa sahihi, nawe ukanichapa.

Emmy Nanyama


Bokoli,
Jumanne, 17 Machi

Nanyama,

Karatasi nimeiona. Mwandiko ni wako, kosa ni langu.

Orodha ile niliifundisha miaka ishirini na sita. Niliitoa kwenye kitabu cha marudio nikaiandika ubaoni bila kuipima. Sikuwahi kuamini kwamba maneno yale yana maana moja. Niliamini kwamba yanaongeza alama, na alama ndizo zilizowafikisha wengine wenu shule za upili. Nilikuchapa kwa sababu ya neno lililokuwa mahali pake. Nakiri.

Litazame neno hilo linavyokaa linapotumiwa na mwenyewe. Hakuna aliyelitoa kinywani mwangu. Kukiri hakufanyiwi mtu na mwenzake, wala hakufanyiki kwenye chumba cha habari. Mwenyewe akilitamka, lipo, asipolitamka, halipo.

Lakini usidhani hasira yangu imekwisha. Wakati ule ulikuwa mtoto anayeogopa fimbo. Leo una shahada, una simu, una namba yangu, na ulikuwa na siku mbili za kuniuliza kama barua zipo. Badala ya kuuliza, ulikuwa ukihesabu visawe. Bado unaandika ili upate alama. Mwalimu tu ndiye aliyebadilika. Sasa ni Bi. Wangu.

Nakala tatu za barua zangu zimo humu. Muhuri unasomeka: tarehe 29 Mei, 14 Agosti, 6 Novemba.

Kuna swali moja kuhusu darasa lile ambalo hukuniuliza Jumanne ile, na hadi leo hakuna mwingine aliyeniuliza. Nalifikiria kuliko ninavyolifikiria gazeti lako.

J. Wakoli


Kitale,
Alhamisi, 19 Machi 2026

Mwalimu,

Nilimpelekea Bi. Wangu nakala zako jana, pamoja na gazeti. Alivua miwani akasoma barua zote tatu akiwa amesimama.

"Sajili ya huyo afisa uliiona?"

"La, madam."

"Kwa hivyo alithibitisha na nini? Hewa?"

Akampigia afisa mwenyewe, mbele yangu, akamsomea tarehe za mihuri moja baada ya nyingine. Upande wa pili mtu akaomba apewe muda atafute kwenye faili. Bi. Wangu alikata simu akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona hata kwako.

"Mimi pia niliisoma nikaipitisha," alisema, "kwa hivyo tunaibeba pamoja. Majaribio yako nayaongeza hadi Juni. Nikikuona kwenye safu ya marekebisho mara nyingine kabla ya Juni, uchukue mkoba wako wala usiniage."

Gichuki alisikia yote. Hakunitania.

Kesho, ukurasa wa kwanza, mahali palepale, yatatoka haya:

"Katika toleo la tarehe 6 Machi tuliandika kwamba Bw. Jotham Wakoli alikiri kujua kuhusu ufa na kudai kwamba aliandika barua. Bw. Wakoli hakukiri wala hakudai. Alisema kwamba aliujua ufa na kwamba aliandika barua tatu. Nakala tulizoziona zina muhuri wa ofisi ya ujenzi. Tuliandika pia kwamba afisa wa ujenzi alithibitisha kutopokea barua. Hakuthibitisha. Alisema. Vitenzi hivyo vilichaguliwa na mwandishi wetu, Emmy Nanyama, naye anaomba radhi."

Jina langu niliomba mwenyewe liwekwe. Kuliandika neno lile kulinichukua muda. Mkono ulikuwa ukingoja kiboko.

Jumamosi nitakuja mkutanoni, kikazi.

Nanyama


Kitale,
Ijumaa, 27 Machi 2026

Kwa Mwalimu wangu, Bw. Wakoli,

Natumai umepumzika. Hukuniona Jumamosi kwa sababu nilisimama nyuma, karibu na mlango, na uliponitazama ulikuwa kama mtu asiyemwona yeyote.

Nilikuwa nimeshafunga daftari. Roselyne alikuwa ameyasoma marekebisho kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mzee Wekoye alikuwa amesema suala la polisi lifutwe. Wazazi walikuwa wamekurudishia kiti kwa kunyoosha mikono, na pasta alikuwa ameshasimama ili tufunge kwa maombi. Ulikuwa umeshinda. Ndipo uliponyoosha mkono wako, kama mwanafunzi.

Niliporudi Kitale, Bi. Wangu aliniambia niandike aya tatu, wala nisipambe. Nimezikata kwenye gazeti la leo nikazibandika hapa chini:

"Bw. Jotham Wakoli, mwenyekiti wa kamati ya shule ambayo ukuta wake ulianguka tarehe 3 Machi, alisema kwamba ufunguo wa darasa hilo ulikuwa mfukoni mwake tangu Mei mwaka jana. Alisema kwamba angeweza kulifunga, lakini aliwaacha wanafunzi wa Gredi ya Nne waendelee kusomea humo.

Alisema kwamba jengo la kanisa lilikuwa tupu siku za kazi. Alisema kwamba wazee hawakutaka benchi zao zichafuliwe, naye hakutaka kugombana nao, kwa hivyo aliandika barua na kungoja majibu. Alisema kwamba barua tatu zilikuwa rahisi kuliko ufunguo mmoja.

Aliweka ufunguo huo mezani mbele ya Bi. Roselyne, ambaye binti yake alivunjika mguu, na kusema kwamba anajiuzulu. Ofisi ya ujenzi ilisema inaendelea kuzitafuta barua hizo."

Utaona kwamba nimetumia "alisema" kila mahali. Nimehesabu, pamoja na ndugu zake, mara saba. Hakuna neno hata moja linaloweza kukuweka kizimbani. Nilitaka ujue kwamba somo limeingia, na kwamba safari hii jina lako lilikuwa salama mikononi mwangu.

Mwanafunzi wako,
Nanyama


Bokoli,
Jumatatu, 30 Machi

Nanyama,

Gazeti aliniletea Roselyne. Safari hii alikaa.

Akaliweka juu ya meza na kulinyoosha kwa kiganja.

"Mwalimu, huyu msichana alikuwa pale kweli?"

"Alikuwa pale. Alisimama mlangoni."

"Basi mbona ameandika ati ulisema? Mimi nilikusikia. Kila mtu alikusikia. Umeninyang'anya ulichonipa?"

Nikamwambia si mimi niliyeandika.

"Mtoto wangu amelala na mguu juu wiki nne," akasema. "Ofisi imesema, kanisa limesema, kila mtu amesema. Wewe peke yako ndiye ulikiri. Hicho tu ndicho nilirudi nacho nyumbani. Sasa nikimwonyesha Phelista gazeti, ataona na wewe umesema tu, kama wengine."

Nimekaa na karatasi hiyo tangu Jumamosi, na hasira niliyo nayo leo ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Mara ya kwanza ulinipa nisichokuwa nacho. Mara hii umenipokonya nilichokitoa mwenyewe, mbele ya watu, nikiwa nimesimama, baada ya miezi kumi ya kushindwa kukitoa. Mwanzo uliandika bila kusikiliza ili usirudie neno. Sasa umerudia neno bila kusikiliza ili unipendeze. Sikukufundisha kupenda "alisema" wala kuliogopa "alikiri". Ningekufundisha kusikiliza, kama ningekuwa nimejifunza mapema.

Najua Bi. Wangu alikwambia nini kuhusu safu ya marekebisho. Najua pia Gichuki anakitazama kiti. Ningeweza kukwambia uliache, kwamba aya tatu hazina uzito, kwamba Juni si mbali. Ndivyo nilivyojiambia kuhusu ufa.

Uliponiandikia kwamba umehesabu, nami nimehesabu. "Alisema" ya kwanza hadi ya tano zote ni za uongo.

Jumamosi ile sikusema, Nanyama. Nilikiri. Sahihisha.

Jotham Wakoli